Hoja Iliyowekwa Mezani

Kazini kwetu, mtu akikwama na Kiingereza cha mafumbo anaelekezwa kwangu. Sifa hiyo nimeitolea jasho. Nina daftari zima la nahau zao. Wakisema fulani kapiga ndoo teke, mimi siulizi ndoo ilikuwa ya nani. Natoa pole kwa wafiwa, maana najua tangu mwaka 1785 Francis Grose alishaiandika kwenye kamusi yake ya lugha ya mtaani kuwa maana yake ni kufa. Wakisema inanyesha paka na mbwa, natafuta mwavuli. Wakimwambia mwigizaji avunjike mguu, simwonei huruma. Watu wa jukwaani huogopa kutakiana heri waziwazi wasije wakaleta mkosi.

Kwa hiyo bosi alipohitaji mtu wa kuandika kumbukumbu za vikao vya mtandaoni na wafadhili wetu wawili, mmoja Mwingereza na mwingine Mmarekani, hakuzunguka sana.

"Hawa wakianza nahau zao mimi naona giza," akaniambia. "Wewe ndiye mganga wao."

Kikao cha kwanza kilikwenda vizuri mpaka dakika za mwisho, Mwingereza alipochomoa hoja ya kupunguza bajeti ya safari. Mmarekani, ambaye safari zenyewe ni zake, akakunja uso. Nikajiandaa kwa vita. Mwingereza akatazama saa, akasema, "Let's table it." Tuiweke mezani.

"Yes! Let's table it!" Mmarekani akadakia, uso ukakunjuka papo hapo.

Wakaagana kama mashemeji. Nikaandika, tena kwa mbwembwe, kwamba wajumbe wamekubaliana kwa kauli moja kuiweka hoja mezani.

Kikao kilichofuata, Mwingereza aliingia na slaidi. Grafu za kila rangi, mishale inashuka, mishale inapanda. Mmarekani aliingia na tabasamu tu.

"Hii ni nini?" akauliza, tabasamu likiyeyuka.

"Bajeti ya safari."

"Lakini tulikubaliana kuiweka mezani!"

"Ndiyo. Ndiyo maana naijadili."

"Hapana, tulikubaliana!"

"Nami nasema tulikubaliana!"

Hapo wote wawili wakageukia kamera yangu. Nisome kumbukumbu. Nikasafisha koo, nikasoma neno kwa neno. Nilipomaliza, wakasema kwa pamoja, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole: "Umeona?"

Nikazima maikrofoni, nikakimbilia intaneti, kwa sababu daftari langu lilikuwa na ndoo, paka, mbwa na miguu iliyovunjika, ila meza haikuwemo. Nani angedhani meza ina hila? Kumbe kwa Mwingereza, kuweka hoja mezani ni kuileta ijadiliwe. Kwa Mmarekani ni kuiweka kiporo, na Mungu akijalia, isahaulike kabisa. Neno lilelile, watu wanaojidai wana lugha moja! Na si wangu walioanza. Winston Churchill ameeleza katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa Uingereza walivyotaka waraka wao uwekwe mezani haraka, wale wa Marekani wakakataa katakata, wakabishana muda mrefu na kwa hasira kabla ya kugundua kwamba wote walitaka waraka huohuo ujadiliwe. Wale angalau walikuwa na heri. Wangu, hata nikiwafafanulia, mmoja anataka kukata na mwingine anataka kusafiri.

Nikawafafanulia hivyohivyo. Kimya. Mwingereza akavua miwani.

"Yaani nyinyi," akamwuliza mwenzake taratibu, kwa adabu ile inayoudhi kuliko tusi, "mkitaka kuficha kitu, mnakiweka juu ya meza?"

Mmarekani akavuta pumzi. Akasema haina haja ya kugombana, tiketi za mwaka mzima zimeshalipiwa, kwa hiyo suala lenyewe sasa ni "a moot point".

Nikaishiwa nguvu. Hilo nalo nilikuwa nimeliona dakika hiyohiyo, mistari michache chini ya meza: kwa Mmarekani ni jambo lililopitwa na wakati, halina faida kulijadili. Kwa Mwingereza wa shule ya zamani ni jambo ambalo bado lina ubishi, linalongoja hoja za pande zote.

"Exactly!" Mwingereza akang'aa macho, akarudisha miwani. "A moot point!" Akafungua slaidi ya pili.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa bosi: "Vipi, wamekubaliana?"

Nikamjibu: "Kwa kauli moja, bosi."