Aliyesomea na aliyejifunzia mtaani: nani akabidhiwe mfumo wa pesa?

Katikati ya mwaka 2022 Bunge la Taifa la Kenya lilipitisha muswada wa wataalamu wa TEHAMA. Ulitaka liundwe baraza la kuwasajili na kuwapa leseni watu wanaoifanya kazi hiyo, kama wanavyosajiliwa wahandisi na mawakili. Muswada wenyewe haukuwa mgeni. Uliletwa mara ya kwanza 2016, vijana wa teknolojia wakaupigia kelele ukalala, kisha ukafufuliwa 2020. Safari hii ulivuka bungeni ukakwamia mezani kwa Rais Uhuru Kenyatta, aliyekataa kuutia saini.

Mjadala ule ulivuka mpaka. Kwenye kundi letu la WhatsApp hapa Dar es Salaam, lenye watu wanaoandika programu kwa riziki, tuligawanyika ndani ya usiku mmoja. Waliopita chuoni wakasema hakuna anayempeleka mtoto wake kwa daktari aliyejifunzia YouTube, iweje pesa za watu zikabidhiwe kwa mtu wa aina hiyo? Waliojifunzia mtaani wakajibu kwamba mteja hajawahi kuwauliza GPA, yaani wastani wa alama za chuo, anauliza mfumo utakamilika lini. Na kwetu Tanzania swali hilo halikusubiri muswada wowote, maana tangazo la ajira serikalini kwa nafasi hizi linadai shahada au stashahada, na asiyekuwa nayo hata kuomba haombi.

Mimi nimesomea. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu ya kazi yangu ni kupokea vijana wapya na kukagua wanachoandika. Nalisema mapema ili msomaji ajue nimekaa upande gani wa chumba.

Nianze na kisa kilichonitoa kwenye msimamo wa kundi lolote.

Kijana mmoja aliyejifunza mwenyewe aliwatengenezea akina mama wa kikoba mfumo wa kuweka akiba kwa simu. Ulikuwa mfumo mzuri kweli. Umeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, maandishi makubwa, vitufe vitatu tu, na mama asiyejua kompyuta aliutumia bila kufundishwa. Baada ya miezi michache mweka hazina akaanza kulalamika kuwa hesabu ya daftari na hesabu ya mfumo hazioani. Tofauti haikuwa kubwa, na haikutokea kila siku. Ilitokea zaidi jioni ya siku ya mkutano. Maneno ya wizi yakaanza kunong'onwa, na mweka hazina ndiye aliyenyooshewa kidole.

Yule kijana aliniletea laptopu yake. Alikuwa hajalala siku mbili. Tulipoufungua msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, kosa lilikuwa mistari mitatu: soma salio, ongeza kiasi kilicholetwa, andika salio jipya. Mtu mmoja mmoja akiweka pesa, mistari hiyo haina tatizo. Lakini chukulia salio ni shilingi 400,000, na akina mama wawili wanaweka kwa wakati mmoja, mmoja 20,000 na mwingine 30,000. Maombi yote mawili yanasoma 400,000. La kwanza linaandika 420,000. La pili, ambalo halina habari na la kwanza, linaandika 430,000 juu yake. Salio lilipaswa kuwa 450,000. Shilingi 20,000 zimeyeyuka na hakuna aliyeziiba. Jioni ya mkutano ndipo wengi walipoweka pesa kwa pamoja, ndiyo maana.

Dawa yake ni ya zamani. Unaiambia hifadhidata ifunge rekodi ile ya salio mpaka muamala wa kwanza ukamilike, wa pili usubiri. Chuoni jambo hili linafundishwa mara mbili, kwenye somo la mifumo endeshi na kwenye somo la hifadhidata, na wengi wetu tulilikariri kwenye madesa, zile notisi za chuo, ili tusipate sapu, yaani kurudia mtihani. Kijana yule alikuwa na akili kuliko nusu ya darasa langu. Alichokosa ni jina la ugonjwa ule, "race condition" kwa Kiingereza. Alitafuta mtandaoni kwa siku mbili "kwa nini jumla yangu inakosea", akapata majibu ya watu wanaokosea kujumlisha. Huwezi kuliuliza jambo ambalo hujui kuwa lipo.

Hapo ndipo ninapoiona thamani ya chuo, na naiona kubwa. Mtu anayejifunza mwenyewe hujifunza kwa kufuata shida: leo anahitaji kutuma ujumbe mfupi, anajifunza kutuma ujumbe mfupi. Ni njia nzuri, na maarifa yake hayasahauliki. Ila shida nyingine hazibishi hodi. Mfumo unaotafuta namba za simu zilizojirudia kwa kulinganisha kila namba na kila namba utafanya ulinganisho 900 kwa wanachama 30, na hakuna atakayeuhisi uzito. Wanachama wakifika 30,000, ulinganisho ni milioni 900. Nywila zilizohifadhiwa kama zilivyoandikwa hazimsumbui mtu mpaka siku hifadhidata ikivuja. Mtaala wa miaka mitatu au minne, pamoja na uchovu wake wote, unakulazimisha kupita kwenye vyumba ambavyo usingefungua mlango mwenyewe.

Sasa upande wa pili, nao una uzito wake.

Tulipokea vijana wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kutoka chuo kimoja, mwaka wa tatu. Mmoja wao alikuwa na alama nzuri kuliko zangu. Alinieleza mkwamo wa michakato, pale programu zinaposubiriana bila mwisho, vizuri, masharti yote manne kwa mpangilio, kama anavyosoma. Nikampa kazi ndogo: kwenye fomu ya usajili kuna kitufe kinachokubali kubonyezwa mara mbili na kusajili mtu mara mbili, rekebisha. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili nikagundua hajui kuuchukua msimbo wetu kwa Git, chombo cha kutunza na kushirikiana msimbo, wala kuuendesha kwenye mashine yake, na anaona aibu kusema. Hakuwa mvivu. Mtihani wake wa kuprogramu aliufanya kwa kalamu na karatasi, na mkufunzi akasahihisha nukta-mkato. Miaka mitatu alikuwa amejibu maswali ambayo mtu mwingine alikwisha kuyapanga vizuri, na hakuna aliyewahi kumkabidhi kitu kilichoharibika akamwambia kipo mikononi mwako.

Aliyejifunza mwenyewe hana shida hiyo kamwe. Tangu siku ya kwanza kila kitu chake kimeharibika, na yeye ndiye wa kukitengeneza. Amezoea kukaa na kosa saa sita bila mtu wa kumwonea huruma. Anajua mteja hasemi anachotaka mpaka aone asichokitaka. Yule kijana wa kikoba alikaa na akina mama kwenye mikutano minne kabla ya kuandika mstari mmoja, ndiyo maana vitufe vilikuwa vitatu. Sikumbuki somo lolote chuoni lililonifundisha kukaa hivyo.

Watu hupenda kuufunga mjadala huu kwa majina ya matajiri. Bill Gates aliacha chuo, Mark Zuckerberg aliacha chuo, basi chuo cha nini? Naomba tuyaangalie majina hayo kwa karibu. Gates aligusa kompyuta mwaka 1968 akiwa na miaka 13, kwenye shule ya kulipia huko Seattle iliyokuwa na njia ya kutumia kompyuta wakati vyuo vingi duniani havikuwa nayo. Na chuo alichokiacha ni Harvard, ambako alifanya kazi ya hisabati ya algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo, iliyochapishwa 1979 pamoja na Christos Papadimitriou, mmoja wa wakubwa wa nadharia ya kompyuta. Zuckerberg, kabla ya Harvard, alikuwa na mwalimu wa kuprogramu aliyekodiwa na baba yake. Hawa hawakuikimbia elimu. Waliipata mapema, kwa gharama ambayo mzazi wa Tandahimba hana.

Historia yenyewe haimpi ushindi upande wowote. Wanawake sita walioiprogramu ENIAC kule Philadelphia, moja ya kompyuta za mwanzo kabisa, iliyoonyeshwa hadharani Februari 1946, walijifunza kwa kusoma michoro ya nyaya zake, kwa sababu kitabu cha kuwafundisha kilikuwa hakijaandikwa. Walijifunza wenyewe kwa maana kamili ya neno. Lakini wengi wao walikuwa na shahada za hisabati. Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa fani hii, alipofunga ndoa Amsterdam mwaka 1957 aliandika kazi yake kuwa ni kuprogramu, maofisa wakakataa wakisema hakuna kazi ya namna hiyo, akaandikwa mwanafizikia wa nadharia. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameshabuni njia ya kutafuta barabara fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili, na ramani za kwenye simu bado zinaegemea wazo hilo. Fani ilianza bila shahada yake yenyewe, mikononi mwa watu waliokwisha nolewa mahali pengine.

Jambo linalonikera zaidi katika ubishi huu ni neno "bure". Mafunzo ni bure, wanasema. Kweli, CS50, somo la utangulizi wa kompyuta la Harvard, lipo wazi mtandaoni tangu 2012, na tovuti ya mafunzo ya freeCodeCamp tangu 2014, na kuna watu wamejengeka huko. Ila kwa kijana wa hapa kuna bando, kuna umeme, kuna laptopu ambayo hata iliyotumika bei yake ni mshahara wa miezi kwa watu wengi. Kuna lugha: aliyesoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza cha kukariri anatakiwa asome maelezo marefu ya kiufundi kwa Kiingereza, peke yake, bila wa kumuuliza. Na kwa binti kuna zaidi. Nimewaona mabinti wenye kipaji waliojaribu kujifunza nyumbani. Nyumbani kuna vyombo, kuna wadogo, kuna wageni, na laptopu wazi mapajani inahesabiwa kuwa mchezo. Chuo, pamoja na bumu, yaani pesa ya mkopo wa kujikimu, linalochelewa, humpa kiti, taa, mtandao, na ruhusa ya kuonekana ana kazi. Kila ninaposikia mtu akisema shahada imepitwa na wakati, nawafikiria hao.

Ajira nayo haiendi upande mmoja. IBM ilitangaza mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya nafasi zake Marekani hazidai tena shahada. Lakini anayetaka H-1B, viza ya kazi ya wataalamu ya nchi hiyo hiyo, bila shahada anahesabiwa miaka 3 ya kazi kwa kila mwaka 1 wa chuo, yaani miaka 12 badala ya minne. Ujerumani imelegeza: tangu Novemba 2023 mtaalamu wa TEHAMA asiye na shahada anaweza kupewa Kadi ya Buluu ya Ulaya, kibali cha kuishi na kufanya kazi, akithibitisha uzoefu wa miaka 3 ndani ya 7 iliyopita, na mkataba wenye mshahara unaotakiwa. Kijana akiniuliza kama aache chuo mwaka wa pili, huwa namwambia haya kwanza, kabla ya falsafa.

Halafu kuna akili bandia, ambayo sasa inaandika msimbo wa kawaida haraka kuliko mimi. Nilijaribu kuiambia iandike mfumo wa kuongeza salio, bila maelezo zaidi. Ikanipa mistari ileile mitatu ya kikoba, imepangwa vizuri, ina hata maelezo. Asiyeujua ugonjwa ule angeipokea na kushukuru. Aliyekariri ugonjwa huo kwa mtihani tu pia angeipokea, kwa sababu hajawahi kuuona ukiwa ndani ya msimbo.

Kwa hiyo, leseni? Nilipinga muswada ule wa Kenya na ningeupinga kwetu, ingawa naielewa hofu iliyouzaa. Leseni ya mtu ingemzuia kijana wa kikoba na ingemruhusu mwanafunzi wangu wa fildi, na mfumo wa akina mama usingepata nafuu kwa lolote. Kinachostahili kukaguliwa ni mfumo, hasa unaogusa pesa, afya au taarifa za watu. Aliyeuandika awe profesa au muuza vocha, mfumo upite mkononi mwa mkaguzi kabla ya kupokea shilingi ya kwanza. Na serikali ifungue mlango wa pili kwenye matangazo yake ya kazi: asiye na cheti apewe mtihani wa vitendo, mgumu, uleule atakaopewa mwenye cheti. Najua kukagua mifumo ni ghali kuliko kukagua vyeti. Ni ghali pia kumsingizia mweka hazina wizi.

Vyuo navyo viache kutahini programu kwa kalamu. Hili halihitaji bajeti ya kutisha. Linahitaji mkufunzi akubali kusahihisha kitu kinachoendeshwa, na kinachoweza kugoma kuendeshwa.

Kijana wa kikoba nilimwazima madesa yangu ya mifumo endeshi, yale yenye mistari ya kalamu nyekundu. Aliyasoma kwa wiki tatu, akawa ananipigia usiku kuuliza. Maswali yake yalikuwa makali kuliko yangu enzi zile, kwa sababu kila ukurasa aliulinganisha na kitu kilichokwisha kumuumiza. Kisha akaniita. Alikuwa amerudisha salio la majaribio kwenye 400,000 na kuweka simu mbili mezani, moja mbele yangu, moja mbele yake. Akahesabu moja, mbili, tatu, tukabonyeza pamoja. Simu moja ikajibu mara moja, nyingine ikasita kidogo. Mweka hazina alikuwa amesimama nyuma yetu, miwani mkononi. Kwenye kioo ikaandikwa 450,000. Akatuomba tubonyeze tena.