Tatizo si matangi pekee, usafishaji nao uangaliwe

Makala yenu kuhusu utengenezaji wa dawa za kingamwili, yaani protini za kinga zinazozalishwa na seli hai, imeeleza vizuri jinsi viwanda vinavyoongeza mavuno ya matangi ya kukuzia seli ili dawa hizo, kama trastuzumab ya saratani ya matiti, zishuke bei, lakini imepita haraka mno kwenye usafishaji, yaani kuitenganisha kingamwili na vitu vingine vinavyotoka nayo kwenye tangi, ambao mara nyingi humeza sehemu kubwa ya gharama za uzalishaji. Tangi likitoa gramu 5 kwa lita badala ya 1, safu ya Protini A, yaani mrija uliojazwa chembe zenye protini inayonasa kingamwili na kuacha protini nyingine zipite, haipanuki yenyewe. Kinachofuata ni foleni ya kimiminika kinachosubiri kusafishwa. Chembe zinazojaza safu hiyo ni ghali sana, na zikipakiwa kupita kiasi dawa huanza kuvuja na kupotea, ndiyo maana viwanda huzipakia chini ya uwezo wake. Njia ya safu kadhaa zinazopokezana, ambapo kinachovuja kutoka safu ya kwanza hunaswa na ya pili, huwezesha kila safu kujazwa karibu kabisa, na kwa maoni yangu hapo ndipo fedha zingeelekezwa kwanza. Kasi, hata hivyo, ina mpaka wake: kingamwili hutolewa kwenye safu kwa kimiminika chenye tindikali, na tindikali hiyo hiyo, ikiachwa kwa muda wa kutosha katika pH (kipimo cha ukali wa tindikali) ya takriban 3.5, huangamiza virusi vyenye utando wa mafuta vinavyoweza kuwamo. Hatua hiyo isifupishwe kiholela, kwani dawa hizi huingizwa moja kwa moja mwilini mwa wagonjwa.