Nani Aliwaambia Punda Hana Gharama?

Wiki iliyopita pale Ngurubani, mji wetu wa mpunga hapa Mwea, Kenya, nilimwona punda akichapwa kwa kosa la kula. Alikuwa amevuta mkokoteni wa marobota ya nyasi za mpunga mpaka kwenye lori. Vijana walipoanza kupakia, akanyoosha shingo akang'oa fungu kutoka robota lililokuwa karibu na pua yake. Fimbo ikamwangukia mdomoni. "Mali ya watu hiyo!" kijana akafoka. Na kweli ilikuwa mali ya watu. Lori lilikuwa njiani kwenda Kiambu kulisha ng'ombe wa maziwa, na huyu aliyeisomba tangu alfajiri ungeweza kumhesabu mbavu ukiwa ng'ambo ya barabara.

Fimbo iliniudhi, lakini mwenye punda aliniudhi zaidi. Alikuwa kando hapo na kikombe cha chai. Nikamuuliza msimu huu mnyama wake anamlisha nini. Akacheka. "Mwalimu, punda hana gharama. Jioni namfungulia, anajitafutia."

Anajitafutia! Mwezi wa pili, Mwea, ambapo hata kingo za mifereji zimeng'olewa mpaka mizizi, punda aliyevuta magunia kutwa nzima anatumwa usiku akajitafutie. Anachokipata tunakijua. Ni maganda ya sokoni, karatasi za kufungia chapati, kamba za nailoni na vipande vya plastiki ambavyo marufuku ya mifuko ya mwaka 2017 haikuvigusa. Akianza kujigaagaza chini kwa maumivu ya tumbo, mwenyewe anasema karogwa.

Nina punda wawili na mkokoteni mmoja, anauendesha kijana wa jirani. Sina shamba la kuwafugia, kwa hiyo wanalala kwenye ploti ya mzee mmoja karibu na mfereji, namlipa kila mwezi. Mvua zikinyesha mpango huu ni mtamu. Nyasi zipo, maji yapo, ua upo, na mimi nalala. Ikifika Januari napokea simu ile ile ya kila mwaka: "Mwalimu, nyasi zimeisha. Lete chakula chao ama uongeze kitu." Siwezi kumlaumu, ploti yake imebaki vumbi na kwato. Ingawa, kwa kuwa tunasema ukweli, samadi yote ya punda wangu anaiuza yeye, na sijawahi kusikia neno punguzo likitoka kinywani mwake.

Sasa tupige hesabu, maana wanaosema hana gharama hawajawahi kushika kalamu. Punda wetu hawa wana kilo 150 hivi. Anayefanya kazi anahitaji kilo tatu na nusu za majani makavu kwa siku, kupungua au kuzidi kidogo. Wawili ni kilo saba. Ukiongeza yale wanayoyakanyaga na kuyakojolea, mimi namaliza kama marobota 17 kwa mwezi. Wakati wa mavuno, mwezi wa kumi na mbili, nilipata robota kwa shilingi 150 pale pale shambani. Leo ni 280, na muuzaji anakutazama kama anakufanyia hisani. Kwa hiyo chakula cha shilingi 2,550 kimekuwa cha karibu 4,800, kabla ya pumba, kabla ya jiwe la chumvi, kabla ya mtu wa kupunguza kwato, kabla ya kodi ya mzee. Na huu ndio msimu kazi zenyewe zimepungua.

Zamani hatukuwa hivi, hilo nalikubali. Baba zetu walifungulia punda na punda walirudi wamenenepa, kwa sababu mpunga ukishavunwa mashamba yalikuwa malisho ya kila mtu mpaka wakati wa kulima tena. Siku hizi watu wanaacha mpunga uchipue wavune mara ya pili, na tangu Bwawa la Thiba lizinduliwe 2022 wengi wanataka misimu miwili kwa mwaka. Sawa, ni riziki yao, na wali tunaula sote. Ila punda akikanyaga hayo machipukizi anakatwa panga. Nazo nyasi zilizokuwa zikichomwa moto baada ya kupura, sasa zinafungwa marobota na kupandishwa malori. Kimebaki nini cha kujitafutia?

Usiku nao una mambo yake. Machinjio ya punda yalipofunguliwa kuanzia 2016 kwa ajili ya ngozi za kupeleka Uchina, watu waliamka wakakuta mafuvu ya punda wao vichakani. Mwaka 2009 sensa ilihesabu punda milioni 1.8 nchini. Ya 2019 ikakuta milioni 1.2 hivi. Serikali ikaupiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 marais wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara ya ngozi bara zima. Makubaliano mazuri sana. Punda wangu bado wanalala nyuma ya ua wenye kufuli.

Lakini jambo lenyewe hasa, lililonifanya niandike badala ya kusahihisha madaftari ya Gredi ya Sita, ni nauli.

Hapa kwetu kusomba gunia la mpunga kutoka shambani mpaka kinuni ni shilingi 50. Mimi nikisema 55, mteja ananyoosha kidole kwa yule bwana wa chai, anayebeba kwa 45. Anaweza kubeba kwa 45 kwa sababu halipi malisho wala pa kulaza. Hiyo bei yake tunayoisifu kuwa nafuu inalipwa na mtu, na anayeilipa ana miguu minne. Analipa kwa mafuta ya mgongoni mwake kuanzia Januari, kisha kwa misuli, na mvua za Machi zikichelewa analipa kwa roho. Halafu bwana wa chai ananunua mwingine, bei ya punda imepanda, anakopa chamani, na analalamika kwamba biashara ya mkokoteni haina faida! Ndugu yangu, biashara ina faida, ila wewe umezoea kula mtaji wako ukiwa bado unatembea.

Na punda hatakuambia. Ng'ombe akinyimwa chakula atakunyima maziwa jioni hiyo hiyo, na utakimbia kumtafutia. Punda ataendelea kuvuta. Ndiyo maana wanaomjua hupitisha kiganja mgongoni na mbavuni badala ya kungoja dalili. Akifikia kukataa chakula kabisa, mafuta ya mwili yanamiminika kwenye damu, ini linashindwa, na kwa siku chache unaweza kuwa unachimba shimo. Tumeugeuza uvumilivu wake kuwa ushahidi kwamba hahitaji kitu. Punda afe mzigo ufike, tunasema, tena kwa kicheko. Mzigo wa kesho utafikishwa na nani?

Tazama udogo wa pesa tunazogombania. Malisho ya punda wangu wawili kwa miezi mitatu ya ukame, hata kwa bei hii ya wizi, ni shilingi 14,400. Kijana wangu akisomba magunia kumi kwa siku na kila gunia likiongezwa shilingi 5, ni 50 kwa siku. Kwa siku 290 za kazi ni 14,500. Shilingi tano! Peremende mbili au tatu.

Najua mtakachosema. Mkulima naye kabanwa, mbolea ghali, mpunga unanunuliwa kwa bei ya madalali, na tuktuk ziko pale zikingoja tupandishe bei. Kweli. Ila tuktuk haiingii kwenye tope la mashamba ya Tebere mwezi wa kumi na moja, na hakuna mwenye tuktuk niliyemsikia akisema petroli ijitafutie. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama pia ipo, Sura ya 360, na kumnyima mnyama chakula ni kosa. Siku nitakapomwona askari akiitumia nitamnunulia soda.

Kwa hiyo mwenye mkokoteni yeyote wa Thiba, Wamumu au Karaba anayesoma hapa, tusingoje serikali. Desemba tununue nyasi pamoja, moja kwa moja mashambani kabla madalali hawajafika. Tuziweke juu ya mbao, chini ya mabati, maana zikishika ukungu ni heri ungemlisha gazeti. Nyasi za mpunga pekee ni ngumu na hazina nguvu, zichanganywe na matawi ya viazi vitamu au mabua ya mahindi, na pumba kidogo, siyo debe. Pa kuweka tutapata, mzee wangu wa ploti ana banda tupu na nimeshamwambia kodi yake atalipwa kwa samadi.

Na nauli yangu kuanzia Jumatatu ni 55. Anayetaka ya 45, bwana wa chai yuko pale pale kando ya lori.