Breki ya Diski Ipimwe kwa Mteremko wa Marangu

Mwanafunzi wa uhandisi mitambo anayechagua kubuni na kutengeneza breki ya diski ya haidroli, yaani ile ambayo mafuta yenye shinikizo husukuma pedi zibane diski inayozunguka na gurudumu, kuwa mradi wake wa mwaka wa mwisho amechagua vizuri, kwa sababu kazi hiyo humkutanisha na mashine ya kereza, hesabu za shinikizo, uteuzi wa metali na usalama wa watu kwa wakati mmoja. Ninachopinga ni namna tunavyoipima. Gurudumu linazungushwa, wenzo unabanwa, gurudumu linasimama, na alama zinatolewa. Kwa maoni yangu mradi huo bado haujapimwa, kwani breki iliyosimamisha gurudumu tupu juu ya meza imeonyesha kwamba inabana, lakini haijaonyesha kwamba inastahimili joto.

Kubana ndiyo sehemu rahisi. Tangu karne ya 17 mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal alikwisha kueleza kwamba shinikizo katika kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Mkono unaobana kwa newtoni 100, kupitia wenzo unaozidisha nguvu mara 6, husukuma pistoni ya mastasilinda (silinda ya kwenye wenzo inayosukuma mafuta) kwa newtoni 600. Pistoni hiyo ikiwa na kipenyo cha milimita 12.7, shinikizo hufikia takriban megapaskali 4.7, na pistoni ya kalipa (kifaa kinachoshika pedi kwenye diski) yenye kipenyo cha milimita 32 hubana pedi kwa newtoni 3,800 hivi. Hesabu yote hutosha nusu ukurasa.

Ugumu huanza barabarani, na sisi wa Kilimanjaro hatuna haja ya kuutafuta mbali. Lango la Marangu, la kuingilia Hifadhi ya Mlima Kilimanjaro, liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Moshi mjini ni chini ya mita 1,000. Tuchukue guta la miguu mitatu lililobeba ndizi, lenye uzito wa jumla wa kilo 700, likishuka kimo cha mita 600 katika barabara ya kilomita 10 kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Nishati inayopaswa kwenda mahali fulani katika safari hiyo ni takriban megajuli 4.1. Kulisimamisha guta hilohilo mara moja kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa huhitaji kilojuli 68 tu, kwa hiyo mteremko huo mmoja ni sawa na kufunga breki kikamilifu mara 60 mfululizo. Hata tukikubali kwamba gia, upepo na matairi vimebeba nusu ya mzigo, breki zinabakiwa na wastani wa kilowati 1.7 kwa dakika 20 bila kupumzika, kana kwamba jiko la umeme limefungwa kwenye magurudumu likiwa limewashwa.

Joto ndilo lililoipa diski ushindi dhidi ya breki ya ngoma, ambayo viatu vyake husukumwa kwa nje vigusane na ukuta wa ndani wa ngoma inayozunguka. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, lakini ubora wake ulionekana wazi mwaka 1953, pale magari ya Jaguar C-Type yenye diski za Dunlop yaliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa. Ngoma ikipata joto hutanuka ikiviacha viatu vyake nyuma, na dereva hulazimika kukanyaga zaidi. Diski hutanuka ikizifuata pedi, na tena huzunguka katika hewa ya wazi.

Hata hivyo diski haijikingi yenyewe, na hapa ndipo ninapotaka wasimamizi wa miradi wawe wakali. Ndani ya kalipa nzuri, sili, yaani pete ya mpira inayozuia mafuta kuvuja, yenye mkato wa mraba hupindika kidogo pistoni inapotoka, kisha hujirudi na kuivuta nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Mwanafunzi akiweka pete ya mpira yenye mkato wa duara kwa kuwa ndiyo iliyopatikana dukani, pistoni inaweza isirudi ipasavyo, pedi hubaki zikigusa diski, na breki hujipasha moto hata dereva asipoifunga. Pete hiyo ikiwa ya mpira wa nitrili, ambao umekusudiwa kwa mafuta ya madini, itaharibiwa na mafuta ya breki ya kawaida. Mpira unaofaa ni wa EPDM, aina ya mpira wa viwandani unaostahimili mafuta hayo. Pistoni nayo ichimbwe ndani, uwazi wake utazame pedi, ili ukingo mwembamba tu ndio upokee joto.

Mafuta yenyewe yanastahili sura nzima katika ripoti. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishafyonza unyevunyevu kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubanika, wenzo huenda hadi mwisho bila kushika chochote, na watu husema gari limefeli breki. Kopo lililokaa wazi rafuni msimu mzima wa masika halifai kwa jaribio lolote la maana, sembuse kwa abiria.

Kipimo ninachokitaka kinawezekana kwa vifaa tulivyonavyo. Mota ya umeme ya mashine ya kusaga, mkanda, na kinga imara ya bati nene vinatosha kuizungusha diski huku breki ikiwa imefungwa kiasi. Mzigo usomwe kwa kupima nguvu ya umeme inayoongezeka mota inapobebeshwa breki, udumishwe dakika 20 katika kiwango ambacho hesabu ya mteremko imekipangia gurudumu moja, na kipimajoto kiwekwe kwenye bamba la pedi na kingine karibu na mafuta, palepale nyuma ya pistoni. Baada ya hapo wenzo ubanwe tena ili ionekane kama umelegea, pedi zipimwe unene kwa kalipa ya vernia, na diski ikaguliwe kama imepinda. Mradi usiokuwa na jedwali la vipimo hivyo usifungwe kwenye chombo kitakachopita barabarani, hata kama kalipa yake imekerezwa kwa ustadi wa kupendeza.