Setilaiti zinalitazama jua. Anga la jioni Mwanza nani analitazama?

Tarehe 10 Mei 2024 dunia ilipigwa na dhoruba ya jua, yaani wingu la chembe zenye chaji za umeme na sumaku linalofumuka juani, ya daraja la juu kabisa, G5, ya kwanza ya kiwango hicho tangu Oktoba 2003. Huko Marekani, wakulima wenye matrekta yanayoongozwa kwa GPS walilazimika kusimamisha upanzi. Hapa Mwanza, sokoni Mwaloni Kirumba, sikusikia mchuuzi wa dagaa akilalamika.

Ndiyo maana wapo wanaouona utabiri wa dhoruba za jua kuwa anasa ya matajiri, nami siwabezi. Dhoruba kama ile iliyozima umeme Quebec, Kanada, Machi 1989 huziumiza zaidi gridi za umeme zilizo karibu na ncha za dunia. Na mvuvi wa sangara anayetoka Ukerewe usiku anaogopa upepo, si jua. Kama shilingi ni moja tu, iende kwenye utabiri wa mawimbi ya ziwa.

Lakini ukanda wa ikweta una vurugu zake. Jua likishazama, katika aionosfia, tabaka la hewa yenye chaji za umeme lililo mamia ya kilomita juu yetu, huzuka viputo vyenye chaji chache za umeme. Mawimbi ya GPS yakipita humo huyumba, na kipokezi huweza kupoteza setilaiti kadhaa kwa mpigo. Hali huwa mbaya zaidi kuzunguka Machi na Septemba, hasa miaka ambayo jua limechachamaa. Mwenye simu mtumbwini, kukosea mita chache si neno. Rubani anayeshuka Mwanza saa mbili usiku kwa kuongozwa na setilaiti, hata akiwa na vifaa vingine, hawezi kulipuuza kosa hilo.

Hapo setilaiti za jua hazitoshi. SOHO ya 1995 na ACE ya 1997 ziko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa jua. SOHO huliona wingu la dhoruba likifumuka siku moja hadi tatu kabla halijatufikia. Uelekeo wa sumaku yake, ambao ndio huamua ukali wa dhoruba, ACE huupima ikiwa imebaki saa moja au chini yake. Viputo vya jioni, kwa upande wao, huzuka hata siku ambayo jua limetulia.

Kwa hiyo tahadhari za jua tuzichukue kwa Wamarekani, wanaozitoa bure, na kwa kituo cha kufuatilia dhoruba hizo cha Hermanus, Afrika Kusini. Fedha yetu inunue vipokezi vya GPS vya ardhini, vya kuvitazama viputo vya jioni, kama kile cha Mbarara, Uganda. Kigumu hapo ni kumlipa fundi wa kukitunza mwaka hadi mwaka, mradi ukishaisha.