Ramli ya FBI na nusu ya sandwichi

Kwenye Criminal Minds, tamthilia ya Marekani iliyoanza mwaka 2005, kuna onyesho lisilokosekana. Wapelelezi wa FBI wanasimama mbele ya askari wa mji fulani na kuanza kupokezana maneno: tunayemtafuta ni mwanamume, ana miaka kati ya 30 na 40, kalelewa na mama mkali, hadumu kwenye kazi. Askari wanaandika. Baada ya muda mlango unavunjwa, na jamaa anakutwa vilevile alivyotajwa.

Nimeitazama misimu mingi, sikatai. Ila siku moja shangazi, aliyekuwa akichambua mchele palepale sebuleni, aliinua kichwa akauliza, "Kwani hawa nao wanapiga ramli?" Nimeshindwa kuiangalia kwa jicho lile la zamani tangu siku hiyo. Ni ramli kweli, ila mganga kavaa suti.

Na ramli ikipatia mara moja, husimuliwa hadi kwa wajukuu. Mwaka 1956 polisi wa New York walikuwa hoi kwa mtu aliyekuwa akitega mabomu mjini mwao tangu 1940. Wakamwendea daktari wa magonjwa ya akili, James Brussel. Akawachorea mtu wao mpaka nguo: siku mtakayomkamata, atakuwa na koti la vifungo safu mbili, tena kalifunga. Januari 1957 George Metesky akakamatwa usiku, yuko na pajama. Akaruhusiwa kubadilisha, akatoka na koti hilohilo! Hadithi tamu. Lakini aliyemfichua ni karani wa kampuni ya umeme aliyowahi kuifanyia kazi, mwanamke aliyefukua majalada ya zamani ya waliokuwa wakiidai fidia, mpaka akakuta barua yenye maneno kama ya barua za yule mtega mabomu. Kufukua majalada hakunogi kwenye runinga.

Sasa nije kwenye Adolescence ya Uingereza, iliyotoka Netflix Machi 2025. Sehemu nne tu, kila moja imepigwa mfululizo, kamera haikati hata mara moja. (Kama hujaitazama, ishia hapa, nitakumalizia uhondo.) Jamie, mtoto wa miaka 13, anashukiwa kumuua msichana wanayesoma naye, na sehemu ya kwanza haijaisha kamera za ulinzi zimeshaonyesha kuwa ni yeye. Fumbo limekwisha, na bado sehemu tatu zimebaki.

Sehemu ya tatu karibu yote ni chumba kimoja, meza, Jamie na mwanasaikolojia aitwaye Briony. Kamletea chokoleti ya moto na nusu ya sandwichi yake. Mtoto anatania, anadeka, anajibu mkato. Anaulizwa habari za baba yake, za babu yake, za uanaume. Ghafla anasimama, anafoka, kikombe kinaruka, na unamwona mtu mzima anamwogopa mtoto. "Mimi ningemzaba kibao," shangazi akasema. Lakini mwishoni Jamie anaondolewa kwa nguvu huku akipiga kelele kutaka kujua kama Briony anampenda, hata kidogo tu, na shangazi akanyamaza. Briony anabaki peke yake. Ananyoosha mkono kwenye ile sandwichi aliyoing'ata Jamie, kisha mkono unarudi.

Hakuna aliyetuambia chochote pale, na nimeelewa zaidi kuliko misimu yote ya ramli. (Owen Cooper, aliyemcheza Jamie, hakuwahi kuigiza kwenye runinga kabla ya hapo. Akiwa na miaka 15 akachukua tuzo ya Emmy.)

Kinachonishangaza zaidi ni baba yake Jamie. Kwenye zile tamthilia nyingine angekuwa mlevi mwenye mkanda mkononi, tukamwelewa na kwenda kulala. Huyu ndiye aliyepigwa mkanda na baba yake, akaapa hatawapiga wanawe, na hakuwapiga. Sehemu ya mwisho yeye na mkewe wanakaa kitandani wakijiuliza walikosea wapi, wanakumbuka tu kwamba kijana alikuwa chumbani kwake na kompyuta, wakaona yuko salama. Kisha baba anaingia chumba cha mwanawe na kumfunika shuka dubu wa kuchezea.

Shangazi aliniuliza kama kuna sehemu ya tano. Nikamwambia hakuna. Hakuniamini, akachukua rimoti akaitafuta mwenyewe.