Intaneti ya Nyumba Yangu Si ya Mwenye Ploti Kunichagulia

Jumanne ya wiki iliyopita taa ya ruta ya jirani yangu wa ghorofa ya nne iligeuka nyekundu saa nne asubuhi, yaani intaneti imekatika. Ilirudi kuwa kijani Ijumaa jioni. Jirani huyu anakula kwa kunakili sauti: watu wa Marekani wanamtumia rekodi za mikutano, yeye anazigeuza kuwa maandishi na kuzirudisha kabla ya saa waliyompa. Katika siku hizo kazi mbili zilipitwa na muda, na alama za akaunti yake, alizozitafuta kwa miaka miwili, zikashuka. Jumatano nilipishana naye kwenye ngazi saa tatu usiku, laptopu imo kwenye mkoba mgongoni, anaenda Githurai kwa dadake kuomba waifai. Mtoto wake alikuwa amelala kwetu.

Kilichonifanya niandike haya ni Alhamisi. Alipiga simu kampuni ya pili, ambayo kisanduku chake cha faiba, ule uzi wa kioo unaoleta intaneti, kiko kwenye nguzo iliyo karibu kabisa na ukuta wetu. Ukisimama kwenye veranda yake na mpini wa ufagio, unakigusa. Fundi alifika kabla ya saa sita, kebo imeviringwa begani, ngazi imefungwa kwenye bodaboda. Keateka, mwangalizi wa jengo, akamzuia getini. "Hapa ni kampuni moja tu. Ni amri ya mzee." Jirani yangu akateremka ghorofa zote nne, akamsihi, akasema atalipa yeye mwenyewe na ukuta hautatobolewa, kebo itapitia dirishani. Keateka, ambaye ni mtu mzuri na ana watoto wa kulisha, alibaki akitazama chini akirudia yale yale. Fundi alisubiri kama dakika ishirini, kisha akageuza pikipiki. "Tumezoea, madam," ndilo neno alilomwachia.

Tumezoea. Nimelala na neno hilo siku kadhaa sasa.

Kila wiki kuna mtu ananiuliza aweke mtandao gani, na tunaanza kulinganisha bei na megabiti kama watu walio sokoni. Kweli Nairobi ina kampuni. Kuna Safaricom, kuna Zuku, kuna Faiba ya Jamii, kuna Liquid kwa maofisi, Poa imeingia mitaa ambayo wengine waliiruka, na Starlink ya setilaiti imekuwa hapa tangu Julai 2023. Lakini kwetu sisi wapangaji wa ploti, kuanzia Kahawa West hadi Umoja na Pipeline, hesabu hiyo inaishia getini. Aliyechagua ni mtu asiyelala humo, na hatumii hiyo intaneti hata dakika moja. Hata ukikimbilia setilaiti, dishi linataka paa lililo wazi kwa anga, na ufunguo wa paa anao keateka.

Jambo hili lina uzito kuliko kasi ya kifurushi chochote. Faiba inayoingia mtaani inagawanywa: uzi mmoja kutoka kwa kampuni unaweza kulisha nyumba 32 au 64. Wote wakiwa kazini mchana hutahisi kitu. Saa mbili usiku, kila sebule imewasha televisheni na watoto wako kwenye simu, ndipo utajua kama kampuni iliongeza uwezo au iliongeza wateja tu. Kuongeza uwezo ni pesa, na kumtuma fundi leo badala ya Ijumaa pia ni pesa. Kampuni itazitoa ikiwa inajua kwamba mteja anaweza kuhama kesho asubuhi. Katika ploti yenye kampuni moja mteja hahami, kwa hiyo anangoja. Jirani yangu alipiga simu mara sita katika siku hizo, na kila mara aliambiwa tatizo limeandikwa na linashughulikiwa.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata huduma yenye ubora unaostahili, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro za huduma hiyo. Tuna Sheria ya Ushindani ya 2010, tuna Mamlaka ya Mawasiliano. Ningetamani sana mmoja wa wakubwa wa ofisi hizo asimame kwenye geti letu mchana mmoja, aone haki hizo zinavyorudishwa pamoja na bodaboda.

Nakubali kwamba mwenye nyumba ana malalamiko yake. Nimeona mafundi wakitoboa ukuta uliopakwa rangi juzi, wakipita juu ya mabati hadi yanavuja, wakiacha nyaya zinaning'inia kama kamba za nguo. Jengo ni lake na gharama ni zake. Basi adai mfereji mmoja wa plastiki uliopandishwa kando ya ngazi, kila kampuni ipitishe kebo yake humo, na anayeharibu atengeneze. Hilo ni jibu la tatizo la nyaya. Kufunga geti si jibu.

Kwa wale ambao geti lao liko wazi, msichague kwa tangazo. Muulizeni jirani wa ngazi yenu, si rafiki anayeishi Lavington, na mwombeni awapimie kasi usiku. Kama unatuma faili au unakaa kwenye mikutano ya video, uliza kasi ya kupakia, kwa maana mabango mengi yanasema ya kupakua. Usilipe miezi mitatu mbele kabla hujaiona huduma hata mwezi mmoja. Stima ikipotea, ruta nayo inazima, kwa hiyo tafuta betri yake ndogo. Ofisi yenye watu watano iwe na njia mbili, faiba na laini ya simu, na uwaulize wanaokuuzia wanatoka nje ya nchi kwa kebo zipi za baharini. EASSy na SEACOM zilipokatika Mei 2024, wengi tulijifunza swali hilo wakati tayari tumekwama.

Lakini ushauri huo wote haumfai jirani yangu. Angeweza kuhama, na watu wamemwambia ahame. Shule ya mtoto iko mwendo wa dakika tano, deposi ya nyumba mpya ni pesa asizokuwa nazo mwezi huu, na hakuna anayeweza kumwahidi kwamba geti la ploti anayohamia liko wazi.

Kwa hiyo Jumapili nilichukua daftari la mwanangu, nikaandika ombi la ukurasa mmoja kwa mwenye nyumba: aruhusu kampuni ya pili, sisi wapangaji tuchangie mfereji wa nyaya. Nyumba ziko 24. Kufikia jana usiku nilikuwa na sahihi 17, mojawapo ya keateka mwenyewe, anayeishi chumba cha chini karibu na geti na ambaye bintiye anasomea chuo kwa mtandao. Mwenye nyumba anakuja Jumamosi kuangalia tangi la maji. Ghorofa ya pili kuna milango mitatu ambayo haijafunguliwa bado. Nitarudi leo jioni.